Siku Tisa za Utawa, Sentimita Mia na Sita

Jumatatu, 10 Juni

Mvua kidogo asubuhi. Nimedhalilishwa na tone la damu.

Zahanati ya kata. Muuguzi Orathai alinichoma kidole, akazungusha futi kamba tumboni, akaandika, akaniita mezani. Sukari kabla ya kula: 118. Kiuno: sentimita 104. Mwanamume, akasema, asifike tisini. Nikamwambia mimi ni mwanamume mmoja na robo. Hakucheka. Na binti huyu nilimjua akiwa mdogo, akija kwenye duka letu la vitamu kuomba vipande vya pembeni vilivyoungua!

Akanieleza. Kisukari bado, lakini nimeshafika mlangoni. Mwili wangu umekuwa sugu kwa insulini. Insulini inabisha hodi kwenye seli ili iingize sukari, seli zimechoka kubishiwa hodi, hazifungui. Sukari inabaki barazani, yaani kwenye damu. Na sababu kubwa, akasema akilitazama tumbo langu, ni hili hapa. Akaligusa kwa kalamu.

Sugu! Mimi! Katika nyumba yangu hajawahi mtu kubisha hodi asifunguliwe na kupewa kipande.

Lakini hilo silo baya la leo. Baya ni Lamyai. Mke wangu alisikiliza yote, tukarudi dukani, akawasha oveni, na akiwa amenipa mgongo akasema tutarudi kupima Ijumaa tarehe 28. Kama sukari haikushuka na kiuno hakikupungua, kijiko cha kuonja anampa Chaloem.

Kijiko changu! Miaka ishirini na sita nimeonja kila trei ya mo kaeng, kitamu chetu cha oveni, iliyotoka katika duka hili. Mayai, tui, sukari ya mvumo, vitunguu vya kukaanga juu. Nikionja najua kama tui ni la jana. Najua sukari imetoka kwa mgema yupi, na kama siku hiyo alikuwa na hasira. Mji mzima wa Phetchaburi unajua kwamba Lamyai anapika na Bunluea anaonja. Nikinyang'anywa kijiko nabaki mtu wa kufukuza nzi.

Na apewe nani? Chaloem! Binamu yake, rika langu, kondakta mstaafu wa mabasi ya Bangkok, kiuno sentimita 82. Huchomekea shati. Kila alfajiri huzunguka bwawa la hekalu akirusha mikono kama anayefukuzwa na nyuki, na ukikutana naye hukutajia kiuno chake kabla ya salamu.

Najua kinachomsumbua Lamyai. Baba yake alikuwa na sukari. Alikatwa mguu, kisha akafa. Hatulizungumzi hilo.

Siku kumi na nane. Akili ninazo. Nitashinda.

Jumanne, 11 Juni

Mpango wa kwanza: kutokula jioni. Rahisi kabisa. Saa kumi na moja nikatoka kutembea ili nisisikie harufu ya oveni.

Kosa kubwa! Hapa kwetu mtu hakuulizi hujambo. Anakuuliza umekula wali au bado. Bi Thongbai wa duka la mishumaa akaniuliza. Kusema nimekula ingekuwa uongo. Nikasema bado. Uso ukamshuka. Mtu mzima, saa hizi, bado? Nikaketishwa. Wali na samaki wa kukaanga.

Hatua thelathini mbele, fundi baiskeli akauliza. Nikasema nimekula kidogo. Hilo "kidogo" ndilo lililoniponza. Mchuzi wa nazi na kuku, sahani mbili. Kona ya soko, mama wa maembe akauliza. Sasa nimepata akili, nikasema nimeshiba pomoni, sina pa kuweka hata punje. Akafurahi sana. Basi, akasema, utakuwa umebakiza nafasi ya kitu kitamu tu. Wali wa kunata, embe, tui juu.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kulikuwa na watu wawili kwenye njia ya nyuma.

Lamyai akaniuliza nimekula. Nikamwambia leo nimeamua kutokula jioni. Akanitazama kwa upole wake, nikaona haya. Lakini ni kweli: nyumbani sikula.

Alhamisi, 13 Juni

Sangwian amekuja. Huyu ni dada mkubwa wa mke wangu, na ni mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa wetu. Shati la sare, begi, futi kamba shingoni. Lamyai amemtuma anipime.

Nilijiandaa. Alipoingia tu nikavuta pumzi na kulimeza tumbo lote. Nikawa kijana wa miaka ishirini. Akanizungushia futi, lakini hakusoma. Akasubiri. Akaniuliza habari za binti yetu Nipha kule Bangkok. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza Nipha anafanya kazi gani siku hizi, hasa hasa. Nikatoa macho. Akasema ana nafasi, hana haraka. Nikasema "Benki," na tumbo likarudi kwa kishindo.

105.

"Shemeji," akasema, "mimi hilo tumbo nalijua tangu siku ya harusi yako. Nalo linanijua. Kwa nini unatusumbua?"

Nikakaa mlangoni nimenuna. Mara akapita mtawa kutoka hekalu la ng'ambo ya barabara. Na Sangwian, mwanamke asiyeogopa mbwa wala polisi, akaruka nyuma hadi ukutani ili upindo wa vazi lake usimguse mtawa. Futi kamba akaificha nyuma ya mgongo!

Nikasimama. Mwanga uliingia kichwani.

Mtawa haguswi na mwanamke. Mtawa hatii chakula mdomoni baada ya saa sita mchana. Mtawa anavaa kitambaa kinachoweza kufunika jiko zima. Na hapa kwetu mwanamume huingia utawani siku saba, siku tisa, miezi mitatu, kisha akarudi kwa mkewe, na kila mtu akamsifu. Siku tisa tu! Sukari itashuka, kiuno kitajificha, na Sangwian atapima ukuta.

Sijui kwa nini hospitali haziwaambii watu.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia Lamyai. Nilihitaji sababu. Nikasema nataka kuvaa vazi la utawa siku tisa ili thawabu zimfikie marehemu baba yake.

Aliweka bakuli chini. Kisha akalia palepale, juu ya mayai mia mbili.

Nikajiambia thawabu ni thawabu. Mkwe atapata zake, mimi nitapata kiuno changu, hakuna atakayedhulumiwa. Lakini nilikwenda nikasugua trei zote bila kuambiwa.

Jumapili, 16 Juni

Nimekuwa mtawa. Kichwa kimenyolewa, nyusi zimenyolewa. Kila jamaa alikata shungi moja. Chaloem alikata la kwake taratibu, akaninong'oneza kwamba bila nywele naonekana nimenenepa shingo.

Tulizunguka hekalu mara tatu, na ni yeye aliyenishikia mwavuli. Mzunguko wa pili nikaanza kuhema. Mzunguko wa tatu akaanza kunipa mawaidha ya jinsi ya kuvuta pumzi. Mbele ya ngoma na wacheza ngoma! Nilitamani nimpige na ua la yungiyungi lililokuwa mkononi, lakini nilikuwa nakwenda kuapa kutodhuru kiumbe.

Lamyai alivaa hariri ya mama yake. Alinipa vazi kwa mikono miwili, amepiga magoti, uso unang'aa. Sikumtazama sana.

Vazi ni zuri ajabu. Aliyelibuni alikuwa na tumbo.

Jumatatu, 17 Juni

Alfajiri ya kwanza ya kupokea sadaka. Miguu mitupu, bakuli mikononi, macho chini. Nilitegemea wali na yai la kuchemsha.

Nieleze kwa utulivu. Chakula anachopewa mtawa humfikia marehemu. Kwa hiyo watu hutoa kile marehemu alichokipenda. Nami nilitangaza mtaa mzima kwamba thawabu zangu ni za mkwe wangu. Na mkwe wangu, ambaye sukari ilimla mguu na mwisho ikamla mwenyewe, alipenda nini?

Mo kaeng. Nyuzi za mayai katika shira. Matone ya dhahabu, yaani viini vya mayai vilivyochemshwa katika shira. Maboga yaliyojazwa mayai na tui.

Walipanga foleni! Marafiki zake, wadeni wa fadhila zake, wapishi wote wa mtaa wa vitamu. Trei kumi na nne. Na kila mpishi alijua kwamba chini ya vazi hili kuna ulimi wa Bunluea, kwa hiyo kila mmoja alitoa trei yake bora ya mwaka. Mtawa hachagui, mtawa hakatai. Kinachotiwa bakulini ni chake.

Chaloem amejitolea kunibebea mfuko. Alibeba mifuko minne.

Mwisho wa foleni alikuwa Lamyai. Wali wa kahawia na mboga za kuchemsha, katika jani la mgomba. Nikavipokea.

Nilikula kwanza trei tatu za marehemu. Kwa heshima yake. Mboga hazikupata nafasi.

Mchana hakuna kula, naam, lakini vinywaji vinaruhusiwa. Maji ya mvumo, maji ya miwa, chai nzito ya maziwa. Waumini wanajua watawa wana njaa, basi wanavitia sukari kwa huruma. Glasi sita. Sikutafuna kitu.

Jumatano, 19 Juni

Sangwian amefika hekaluni. Nikamwona kwa mbali na futi kamba yake. Nikaketi wima kwenye jukwaa letu la mbao, nikatabasamu kama sanamu. Njoo sasa, nikasema moyoni. Niguse!

Akapiga magoti. Akainamisha kichwa mara tatu. Kisha nikatandaza kile kitambaa ambacho mtawa hutumia kupokea kitu kutoka kwa mwanamke, nikidhani ameleta ubani. Akaweka juu yake futi kamba.

Akaomba kwa unyenyekevu kwamba Mheshimiwa, yaani mimi, ajipime mwenyewe, kisha asome namba kwa sauti.

Hili sikulitazamia. Nikamgeukia Mtawa Mkuu aliyekuwa ameketi kando yangu. Mzee wa miaka sabini na minne, mwembamba, mwenye vidonge vyake vya sukari katika kopo la biskuti. Nilitaka aseme haifai. Akashika ncha moja ya futi ili isiteleze.

Nikajizungushia. Nikaona namba. Namba nzuri zilikuwa nyingi kwenye ile futi, tisini na tano, tisini na nane, yoyote ningeweza kuitaja. Lakini nimeapa, mbele ya watawa wenzangu, kutosema uongo. Siku tatu zilizopita! Mtawa Mkuu akanitazama kwa upole.

"Soma, mwanangu," akasema. "Macho yako bado mazima. Yangu ndiyo sukari imeyaanza."

106.

Sangwian akaandika. Akainama tena mara tatu, kwa heshima kubwa, akaenda zake.

Alhamisi, 20 Juni

Nimewaza usiku mzima. Mimi kushuka imekuwa vigumu. Basi Chaloem apande! Lamyai hawezi kumpa kijiko mtu ambaye kiuno chake kinakua. Haiwezekani. Ingekuwa kichekesho.

Na njia ipo. Mtawa akishakula, kinachobaki humpa mtu wa kawaida, na chakula kilichopita katika bakuli la mtawa kina baraka. Ukipewa na mkono wa mtawa hukatai, hutupi, humpi mbwa. Unapokea kwa viganja viwili na unakula kwa shukrani.

Leo nilimwita Chaloem. Nikampa trei mbili za mo kaeng na bakuli la nyuzi za mayai. Nikambariki kirefu. Akasema kwa kawaida hali vitamu. Nikatazama upeo wa macho. Akala.

Uso wangu mkavu ulikuwa mzuri. Nadhani utawa unanifaa.

Jumamosi, 22 Juni

Trei tatu. Akala zote. Aliniambia kwamba hajawahi kujua nyuzi za mayai zina ladha ya maua. Akauliza kama kesho zitakuwepo tena.

Shati halikuchomekewa!

Jumapili, 23 Juni

Sijui niandike vipi ya leo.

Lamyai alikuja baada ya chakula kumimina maji, maana ndivyo thawabu zinavyopelekwa kwa baba yake. Mwanamke haketi na mtawa peke yake, kwa hiyo Chaloem alikuwepo, ameketi ameegemea nguzo, anasinzia kwa shibe. Nikasoma maneno, yeye akamimina maji kutoka kibuyu kidogo cha shaba hadi yakaisha. Nilidhani ataondoka.

Hakuondoka. Akasema ana jambo ambalo hawezi kumwambia mume wake, lakini mtawa anaweza kuambiwa.

"Mheshimiwa, Baba alianza na kidole kimoja cha mguu," akasema. "Kilikuwa cheusi kama zabibu kavu. Akiwa hospitali aliniomba mo kaeng, nikampelekea. Kila siku. Nilijua siyo sawa. Lakini alikuwa akinitazama, na mimi ndiye mpishi. Ningefanyaje?"

Mtawa hutakiwa awe na la kusema. Mimi nikakitazama kibuyu kitupu.

"Sasa kuna mtu mwingine nampikia. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemjazia kijiko. Simnyang'anyi kwa hasira. Namnyang'anya kwa sababu mkono unaomlisha ni wangu, na mimi naogopa mno, Mheshimiwa. Naogopa kuwa nampenda vibaya."

Kisha akaniuliza kama ni kweli Mheshimiwa hali chochote baada ya saa sita. Nikasema ni kweli. Ilikuwa kweli. Hakuuliza ya kabla ya saa sita.

Akafurahi. Alipokuwa akienda akamtazama Chaloem pale kwenye nguzo, akasema ajabu, binamu yake anaonekana amevimba, labda ni joto.

Nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu mtawa hawezi kusema. Mimi ni mtu wa hovyo.

Jumatatu, 24 Juni

Nimebadilika. Kuanzia leo.

Nilipokea trei kumi na moja na sikugusa hata moja. Nilikula wali wa kahawia na mboga za Lamyai, zote, mpaka jani. Ladha yake si mbaya. Inafanana na kutubu.

Ilipofika saa nane njaa ikanishika barabara. Nikanywa maji ya mvumo. Glasi nne. Yanatoka mtini, ni maji tu.

Trei kumi na moja zilikuwa zimekaa. Chaloem alikuwa ameketi karibu nazo tangu asubuhi, bila kuitwa. Siwezi kuacha chakula cha baraka kiharibike. Lakini sikumbariki kirefu, kwa kuwa nimebadilika.

Jumanne, 25 Juni

Nimevua vazi. Kabla ya kuondoka nilipiga magoti kwa Mtawa Mkuu, nikaungama yote: tumbo, futi kamba, mkwe, Chaloem. Nilitegemea adhabu.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema miaka hamsini amekaa langoni pale, na wanaume wa rika langu wote huja wakikimbia mke au daktari, na kwamba mimi ni wa kwanza kukimbia shemeji. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia naye alikuwa hivyohivyo, hakukataa bakuli hata siku moja, aliona kukataa ni kumvunja mtu moyo. Sasa anaona nusu ya uso wangu. Akaniambia niende kwa mke wangu nikamwambie.

Nikasema nitakwenda moja kwa moja.

Nilikwenda moja kwa moja. Lakini Lamyai alikuwa na wateja.

Ijumaa, 28 Juni

Zahanati. Tulikwenda wanne: mimi, Lamyai, Sangwian, na Chaloem aliyeletwa ili apokee ushindi wake rasmi.

Sukari yangu: 124. Kiuno: 107. Muuguzi Orathai akapima tena. Akabadili mashine. 124. Akauliza nilikuwa wapi wiki mbili hizi. Nikasema utawani. Akaandika kitu kirefu.

Akampima Chaloem. Sentimita 91. Chaloem akaitazama futi kamba kama mtu aliyeibiwa. Siku nane, akasema, siku nane tu. Muuguzi akamwambia shibe na gesi huweza kufanya hivyo, lakini asiendelee. Chaloem akageuka akanitazama. Taratibu. Nikaona ameanza kuunganisha mambo.

Basi nikasema. Palepale, kati ya mizani na picha ya figo ukutani. Nilisema yote, kuanzia samaki wa Bi Thongbai. Nilipofika kwenye trei kumi na nne za marehemu, Lamyai akaketi kwenye benchi. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya mabega yakitikisika, akamshika dada yake.

"Kwa hiyo," akasema alipopata pumzi, "Baba yangu amekula vitamu siku saba mfululizo kwa mdomo wako. Alipo huko atakuwa amekatwa hata mguu wa pili."

Sangwian akacheka, muuguzi akacheka. Chaloem hakucheka.

Kijiko? Sikupata. Chaloem hakupata. Lamyai alikisugua kwa majivu, akakikausha, akampa Sangwian. Sangwian ameonja trei ya kwanza ya mchana. Nikamuuliza kwa adabu anaonaje. Akasema tamu. Tui linaonekanaje? Tamu. Na sukari ni ya mgema yupi? Akanitazama kana kwamba nina homa. Tamu, shemeji.

Miaka ishirini na sita!

Baada ya kufunga duka Lamyai aliniketisha kwenye kiti kifupi. Akachukua beseni la maji ya uvuguvugu, akanivua viatu, akaniosha miguu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kila kidole changu cha mguu, kimoja kimoja, hadi cha kumi.

"Vyote vipo," nikamwambia.

"Nataka vibaki, Baba Nipha," akasema. "Sina shida na kijiko. Nakutaka wewe."

Nimeapa. Si kwa ajili ya kijiko safari hii. Kwa moyo wangu wote nimeapa kwamba kila asubuhi nitatembea, nitakula anachonipa, na sitabuni mpango mwingine wowote maisha yangu yote.

Jumapili, 30 Juni

Nimetembea! Mara tatu kuzunguka bwawa, na Chaloem. Mwanzoni hakutaka kusema nami. Mzunguko wa pili akaniuliza kama najua wapi wanauza zile nyuzi za mayai zenye ladha ya maua. Nikamwambia tumeapa. Akasema yeye hakuapa.

Tukaketi kupumzika. Na hapo, bila mimi kutaka, nikaanza kuona mambo kwa uwazi.

Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa mtu. Mimi sikufaa kuwa ndani ya vazi, kwa sababu mwenye vazi ndiye anayepimwa, ndiye anayesomeshwa namba. Anayefaa kuwa ndani ni mtu mwenye kiuno kidogo. Chaloem! Mwaka wake wa sitini unakaribia na hajawahi kuingia utawani hata siku moja. Mtu kama huyo hapa kwetu huitwa mbichi. Aibu! Na mwezi ujao unaanza msimu wa watawa wa miezi mitatu ya mvua. Nimemwambia. Ameguswa sana, anafikiria.

Sasa mtawa anahitaji mtu wa kumbebea mfuko. Huyo mtu atakuwa mimi. Kilomita mbili kila alfajiri, kwa miguu, kama zahanati inavyotaka. Na Chaloem sasa anaogopa futi kamba, atakula kidogo, na kitakachobaki lazima apewe mbebaji, kwa mkono wa mtawa, kina baraka. Mbebaji hawezi kukataa. Hicho siyo chakula cha kawaida, ni thawabu, na thawabu haina sukari.

Nimemweleza Lamyai ile sehemu ya kutembea. Kilomita mbili, kila siku, miezi mitatu. Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema ni vizuri sana, na kwamba naye atakuja, tutatembea pamoja, atabeba nami mfuko bega kwa bega mpaka mvua ziishe.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mikono minne! Tutaweza kubeba mara mbili.